Kutafuna Si Kumeza

Hapa Izigo wananiita Ma Panya. Watoto wakitoka shule wananiita hivyo kwa mbali, halafu wanakimbilia kwenye migomba, kana kwamba sijui kibanja cha kaka yangu kina njia ngapi. Akina mama wa kwaya kanisani nao wananiita hivyo, kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Nasikia. Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio. Na jina hilo sijalikataa hata siku moja.

Jina langu la haki ni Kemilembe, na mimi ni daktari wa mifugo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza nikiwapasua panya katika maabara ndogo ya utafiti pembeni ya mji wa Bukoba, njia ya kwenda Kashozi. Tulikuwa tunachunguza kiharusi. Dawa mpya kabla haijaingia kichwani mwa mtu hupimwa kwanza kwa mnyama, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsababishia mnyama huyo kiharusi kwa mpango, bila kumuua na bila kumtesa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tangu nirudi nyumbani, vijana wa vyuo wananitembelea, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza wananitazama mikono kama wanatafuta damu, wanauliza, "Mama, ulikuwa unalalaje?" Wa pili wameanza kazi hii hii, na wakinisikia nasema habari ya dawa ya maumivu ya panya wanacheka: "Lakini Mama, si panya tu?" Nawajibu wote hapa kwa pamoja, tena kwa hasira ile ile, maana kosa lao ni moja. Wanadhani huruma na kisu haviwezi kukaa katika mkono mmoja. Vinakaa. Mkono wenyewe ninao hapa, njooni muutazame vizuri.

Mkono huu haukuanzia kwa panya. Ulianzia Izimbya, kwa ng'ombe na mbuzi wa watu, na kule tulikuwa tunafanya kazi kwa bega. Ndama akikwama, unaingiza mkono mpaka kwapani, unavuta, mwenye ng'ombe naye anakuvuta wewe kiunoni, mkewe anasali kwa sauti. Ndama akitoka mnaanguka wote watatu kwenye matope. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, sijifichi.

Kisha nikaajiriwa maabara, chini ya Dokta Rwegoshora. Huyu alikuwa bingwa wa magonjwa ya ubongo, mzaliwa wa Kashozi, mtu aliyepiga pasi koti lake jeupe mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mikunjo. Siku ya kwanza aliweka panya aliyekwisha kufa chini ya hadubini ya upasuaji, akaniambia nitenganishe mshipa wa damu wa shingoni na mshipa wa fahamu uliolala ubavuni mwake, nisiuguse huo wa pili. Mshipa wenyewe ulikuwa kama uzi wa kushonea vifungo. Nikavuta kidogo tu, kwa adabu kabisa, na vyote viwili vikakatika.

"Daktari," akasema, "huyu si ndama."

Nilitaka kuaga nirudi Izimbya. Badala ya kunifukuza akaniuliza, "Kwenu Izigo, senene wakianguka, nani anachambua?"

"Sote tunachambua."

"Basi utachambua hapa."

Na ilikuwa msimu wake kweli. Alinunua senene sokoni, wale panzi wetu wa kuliwa, akaniketisha mbele ya hadubini na vibano viwili, nikawa nang'oa mabawa na miguu bila kuminya tumbo. Kila Mhaya anajua kwamba senene aliyeminywa amepoteza mafuta, na kwamba mama yako atakukumbusha hilo kwa kukupiga mwiko kidoleni. Nilijifunza upya jambo nililolijua tangu utotoni: usishike kwa nguvu, shika kwa kiasi cha kutosha, na pumzi itoke wakati kibano kinafunga. Abdu, fundi sanifu wa maabara yetu, kijana wa mjini Bukoba ambaye babu yake alitoka pwani, aliwachukua senene wangu akawakaanga kwa kitunguu nyumbani kwake. "Maabara nyingine zinatupa vifaa vya mazoezi," alisema, "sisi tunavila." Vibano vilikuwa vipya, havijagusa panya, msije mkanishtaki.

Ushauri mwingine wa mkono: asubuhi ya upasuaji usinywe kahawa, usitafune kahawa. Najua mnanuna. Kumnyima Mhaya kahawa ni kumtukania ukoo, lakini chini ya hadubini kidole kilichokunywa kahawa kinaonekana kinacheza ngoma. Kunyweni baadaye, mnyama akishaamka.

Na kuamka kwenyewe si jambo la kuachia bahati. Asubuhi za Bukoba, mvua ikitoka ziwani, zina baridi, na panya aliyelala kwa dawa ya usingizi hupoteza joto upesi. Tulikuwa na mkeka wa umeme wa kuwapasha joto. Umeme ukikatika, mkeka unakuwa kitambaa tu. Abdu ndiye aliyeanza kujaza maji ya moto kwenye chupa na kuzifunga kwa vipande vya kanga za zamani za mama yake, na wagonjwa wetu wenye mikia wakawa wanalala juu ya maneno ya mapenzi. Kabla ya chupa hizo, panya aliyekufa kwa baridi tulimwandikia amekufa kwa kiharusi. Hapo ndipo nilipoanza kuuchukia uvivu wa kusema "ni kiharusi tu". Kiharusi hakina wakili, kwa hiyo ukikibebesha lawama zote kinanyamaza, na wewe unakwenda kunywa chai.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana ugomvi wangu mkubwa ulitokea shingoni.

Shingoni mwa panya, kama shingoni mwako, mshipa mkubwa wa damu unapanda kisha unagawanyika. Tawi la ndani linakwenda kwenye ubongo. Tawi la nje linalisha uso, ulimi na misuli ya taya. Njia tuliyofundishwa ilikuwa kulifunga tawi la nje, kulikata, na kulifanya mlango: hapo unapitisha uzi laini wa nailoni, unausukuma mpaka tawi la ndani, unauacha juu uzibe damu ya ubongo kwa muda. Kisha unautoa uzi na damu inarudi kichwani. Lakini ule mlango, yaani tawi la nje, unabaki umefungwa maisha yote. Hakuna aliyeuliza habari zake.

Panya wetu walikuwa wanakonda. Migongo ilitoka mifupa, manyoya yakasimama, na kwenye ubao mwembamba tuliowapimia mwendo walianguka. Wengine walikufa. Tuliwapa dawa ya maumivu, tukawatia maji ya dripu chini ya ngozi, tukawawekea uji. Uji waliulamba kidogo na kuuacha. Lakini chakula kigumu kilikuwa kinapungua. Abdu alikipima kila asubuhi na kila asubuhi kilikuwa kimepungua, kwa hiyo tulisema wanakula vizuri, ila kiharusi ni kikali.

Siku moja Abdu alikuwa anaosha vizimba, akaniita. "Ma Kemi, hebu njoo uone huu unga."

Chini ya wavu wa kizimba kulikuwa na unga wa chakula, laini, mwingi. Panya walikuwa wanakiguguna kile chakula kwa meno ya mbele, kinavunjika, kinadondoka. Cha kupita kooni kilikuwa haba. Nikamchukua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, nikafungua taya. Upande tuliopasua, misuli ya kutafunia ilikuwa imepauka na kunywea, upande wa pili ilikuwa nyekundu. Tulikuwa tumewafunga mdomo kwa uzi wetu wenyewe. Hawakuwa wanakufa kwa kiharusi. Walikuwa wanakufa kwa njaa, mbele ya chakula.

Nikaenda na taya ile mkononi mpaka ofisini kwa Dokta Rwegoshora. Aliitazama vizuri, hakuidharau. Kisha akasema, "Tuko katikati ya kazi. Tukibadilisha njia leo, panya wa jana na wa kesho hawatalinganishwa. Tutaongeza uji."

"Uji upo, Dokta. Panya mwenye njaa anatembea vibaya, na wewe unaandika ana kiharusi kikali. Kesho dawa yako ikimpa hamu ya kula tu, utasema imeponya ubongo."

Akanirudishia taya, akauliza, "Mkuu wa maabara hii ni nani?"

"Ni wewe, waitu," nikasema kwa heshima ya Kihaya. "Lakini mkono ni wangu, na hautakata tawi la nje tena. Tafuta mwingine wa kukukatia."

"Basi rudi Izimbya kwa ndama wako!"

"Ndama wa Izimbya walinyonya siku ile ile waliyozaliwa," nikamjibu. "Wa kwako hawali."

Nikavua koti nikatoka. Abdu alikuwa mlangoni na brashi yake ya kuoshea vizimba, akasema "Innalillahi" kama vile kuna maiti ndani. Nilitembea kichwa juu mpaka getini, na nilipopita geti nikalia. Niliogopa. Nilikuwa napenda ile kazi, nilimpenda hata yule mzee na pasi yake, na sikujua kama ningerudi. Lakini sikujuta, na mpaka leo sijajuta. Ukiruhusiwa kumkata mnyama, hujaruhusiwa kumkata ovyo.

Wakati huo huo kaka yangu mkubwa, Ta Kaijage, alikuwa mgonjwa. Kiharusi kilimpiga akiwa anapunguza majani ya migomba, upande wa kulia ukalala na maneno yakapotea. Alitibiwa hospitali akarudishwa nyumbani, na mkewe Ma Byera akaelekezwa namna ya kumlisha: aketi, chakula laini, kidogo kidogo. Nilikuwa nimemwona siku anatoka hospitali na nilikuwa na matumaini. Sasa nilikuwa sina kazi ya kukimbilia, nikapanda gari kwenda Izigo.

Nilimkuta mifupa. Uani walikuwa wamekaa wazee wa ukoo, na msemaji wao alikuwa Ta Ishengoma, baba yetu mdogo. Hakuzungusha maneno. "Kiharusi kimemla kaka yako," aliniambia. "Tuzungumze ni wapi kibanjani atapumzika." Na mtu mmoja nyuma, sikumwona ni nani, akatupia lake: "Tena watu wanasema ni hizo panya zake. Ukichezea ugonjwa, unakufuata nyumbani."

Nilimuuliza Ma Byera, "Anakula?"

"Anakula, Ma Kemi. Uliza mtu yeyote. Hakuna mgeni aliyekuja hapa asitafune naye kahawa."

Msiotoka kwetu, jueni hili. Mgeni hapa hapokelewi kwa maneno matupu. Analetewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba anatafuna pamoja naye. Ta Kaijage ni mwenye nyumba. Kwake, kumwacha mgeni atafune peke yake ni sawa na kumfukuza, na wageni walikuwa wengi kwa sababu anapendwa. Wakiondoka walisema kote kijijini kwamba mzee yupo, anatafuna.

Niliingia chumbani, nikanawa mikono, nikamwinua nikamwegemeza kwenye mito. "Waitu Ta Kaijage, fungua mdomo." Akageuza uso ukutani. Nilijua macho yale, yalikuwa ya mtu anayeona aibu. Nikamfungua mwenyewe, taratibu, kwa kidole.

Upande wa kulia, ule uliolala, kati ya shavu na fizi, kulikuwa na kahawa. Ya mgeni wa asubuhi, ya wageni wa jana, ya sijui lini, imetafunwa nusu na kusukumwa huko pamoja na mabonge ya ndizi. Nilitoa mpaka kiganja kikajaa. Alikuwa anaitia mdomoni kwa heshima ya mgeni, taya moja inacheza, ulimi haupeleki mahali. Na uji walimnywesha akiwa amelala chali, akapaliwa mara nyingi mpaka akaanza kuogopa kumeza. Nikaukumbuka unga chini ya kizimba, na hasira iliyonipanda siwezi kuieleza kanisani.

Nilitoka na kiganja kile mpaka uani, nikawaonyesha wazee. "Hiki ndicho mnachosema amekula."

Nikatangaza sheria papo hapo. Kaka hapewi kahawa na mtu yeyote. Hakuna wa kumlisha isipokuwa mimi na Ma Byera. Anaketi wima, kidevu kinashuka, kijiko kidogo, ndizi zilizopondwa na mchuzi mzito, na kila baada ya kumeza shavu linakaguliwa.

Ta Ishengoma alisimama. "Unamnyima kaka yako kahawa ndani ya nyumba yake? Wageni watasema nini?"

"Waseme."

"Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji!"

"Haulizwi kama anautaka, Baba. Lakini huyu ataulizwa kama ameumeza."

Waliondoka wamenuna. Jirani mmoja alisema nyumba ya Kaijage sasa imefungwa, na maneno hayo yalifika sokoni kabla yake. Ma Byera alilia kwa kuogopa kwamba ataambiwa amemvunjia mumewe heshima akiwa hajiwezi. Nikamwambia lawama zote aelekeze kwangu, kwa sababu mimi jina langu limeshaharibika, haliogopi vumbi. Akacheka huku analia, akaenda kuponda ndizi.

Katika siku zile Dokta Rwegoshora alikuja. Ugomvi ni ugomvi, lakini mgonjwa huangaliwa, na mtu wa Kashozi anayajua hayo. Alikuja na sukari na koti limenyooka. Ma Byera akaleta kikapu, na Dokta akachukua buni, akangoja. Aliona mkono wa mwenye nyumba hauinuki. Akanigeukia, nikamweleza yote, pamoja na ya kwenye kiganja. Akaomba ruhusa, akawasha tochi ya simu, akatazama mdomoni mwa kaka yangu kwa muda mrefu. Kisha akarudisha ile buni kikapuni bila kuitafuna.

Tulikwenda nyuma ya jiko. Nilijiandaa kwa hotuba. Yeye akauliza tu, "Ukiliacha tawi la nje, utapitia wapi?"

Ninyi hamkumjua, hamwezi kujua uzito wa swali hilo. Nilikata kikonyo cha jani la mpapai, maana kina tundu ndani, nikachukua na unyasi. Nikamwonyesha: tunaingia chini zaidi, kwenye shina lenyewe, kabla halijagawanyika. Unyasi unapanda tawi la ndani. Ukishautoa, hatufungi kitu, tunalishona tundu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na damu inapita kama zamani, ya ubongo na ya taya.

"Kushona hapo bila kuziba ni kazi," akasema.

"Senene nimechambua."

"Na kazi yote ya nyuma?"

"Itupwe."

Aliitupa. Aliwaandikia wafadhili kwamba yale ya mwanzo yasiaminiwe, na wapo waliomcheka mikutanoni, na wapo waliojitoa. Mwaka wa kwanza wa njia mpya tulishona polepole mno na tulipoteza wanyama, sitawadanganya. Halafu mikono ikazoea. Asubuhi niliyoipenda kuliko zote katika kazi yangu ni ile Abdu alipotoa trei chini ya kizimba, akaigeuza juu chini, akasema, "Ma Kemi, leo hakuna unga." Kwa hiyo kijana akiniuliza kama si panya tu, ninamuuliza yeye: je, ukweli wako nao ni wa panya tu?

Lakini nimewarukisha mbele kwa makusudi, kwa sababu mambo ya Izigo nilitaka yawe ya mwisho.

Wiki zilipita, kaka akiketi wima kwenye mito yake. Ta Ishengoma hakukata tamaa na kaburi lake. Aliwaita wazee tena, akasema kabla mambo hayajaharibika ni vyema mgonjwa aoneshe, hata kwa kichwa, anamwachia nani nini. Wakajaa chumbani. Mimi nilikuwa kona na bakuli mkononi, nimeambiwa wazi kwamba hili ni la wanaume.

Kaka akawatazama mmoja mmoja. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Tangu aanguke hakuwa ametamka neno hata moja. Ta Ishengoma alivua kofia. Mtu mmoja akatoa simu arekodi wosia. Ma Byera alinishika mkono akaubana.

Kaka alikusanya mdomo upande ule mzima, mshipa wa shingo ukamsimama, akasema kwa Kihaya, "Enjala."

Njaa.

"Anasemaje?" akauliza Ta Ishengoma.

Akarudia kwa nguvu zaidi, tena kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa chakula nyumbani kwake mwenyewe. "Enjala!"

Niliwapita wazee wote na bakuli langu, nikaketi kitandani. Alikula akalimaliza lote. Nikamfungua mdomo mbele yao, nikapitisha kidole ndani ya shavu la kulia, lilikuwa tupu.